Tafuta pa Kulala Kwanza: Mwongozo wa Kuvuka Marekani kwa RV

Ukipanga kuvuka Marekani kwa RV, yaani gari lenye vitanda, jiko, friji, bafu na choo humohumo, usianze na barabara. Barabara zipo, ni pana, na hakuna siku utakayoambiwa zimejaa, rudi nyumbani. Kinachojaa ni viwanja vya kulala. Familia inayojua italala wapi leo, kesho na kesho kutwa husafiri imetulia. Isiyojua huingia mji mgeni saa tatu usiku, watoto wanalia, na baba anahangaika kugeuza gari la futi 28 kwenye maegesho ya duka. Kila ushauri katika mwongozo huu unatoka hapo: panga usiku, kisha uunganishe usiku mmoja na mwingine kwa barabara.

Miongoni mwa Waafrika Mashariki na Wakongo wanaoishi Marekani wapo wengi wanaoendesha malori, na hao njia hizi wanazijua vizuri. Lakini dereva wa lori hulala ndani ya kichwa cha gari lake kwenye kituo cha malori, injini za wenzake zikinguruma usiku kucha. Mama mwenye watoto watatu, na bibi aliyekuja kutembea kutoka Mombasa au Bukavu, wanahitaji kambi yenye maji, umeme, taa za njiani na jirani anayelala mapema.

Kanuni ya tatu tatu

Wazoefu wa RV wana kanuni fupi: usiendeshe zaidi ya maili 300 kwa siku, fika kambini kabla ya saa tisa alasiri, na ukae siku tatu kabla ya kuhama. Zile siku tatu unaweza kuzipunguza ukiwa na haraka. Mbili za mwanzo usizichezee.

Maili 300 ni kama kilomita 480. Kwa gari dogo ni asubuhi moja tu. Kwa RV ni kazi ya saa sita au zaidi ukijumlisha petroli, chakula, choo na mwendo wa maili 60 kwa saa. Saa tisa nayo ina sababu zake. Ofisi ya kambi bado iko wazi, mwanga wa kurudisha gari nyuma upo, na kiwanja kikiwa na kasoro unao muda wa kuomba kingine.

Hesabu pia majira. Marekani bara ina kanda nne za saa. Ukielekea magharibi unaongezewa saa moja kila unapovuka kanda. Ukirudi mashariki unanyang'anywa. Siku ya kunyang'anywa ipangie maili chache.

Gari la kukodi

RV za kuendeshwa hutajwa kwa herufi. A ni zile kubwa kama basi. B ni vani iliyotengenezwa vitanda ndani, inayowatosha watu wawili. C ndiyo inayofaa familia nyingi: ina kitanda juu ya kichwa cha dereva, urefu wake mara nyingi ni kati ya futi 22 na 31, na huendeshwa kwa leseni ya kawaida. Zipo pia trela za kukokotwa na pikapu, lakini kurudisha trela nyuma ni ufundi wa kujifunza, na katika majimbo mengi watu hawaruhusiwi kukaa ndani ya trela likiwa mwendoni.

Unaweza kukodi kwa kampuni kama Cruise America, au kwa watu binafsi kupitia Outdoorsy na RVshare. Kabla ya kulipa, uliza maswali haya, na majibu uyaone yameandikwa kwenye mkataba:

- Maili ngapi zimo ndani ya bei, na kila maili ya ziada ni senti ngapi?
- Jenereta inatozwa kwa saa?
- Bima inafunika nini, na nikigonga nitaanza kulipa kiasi gani mfukoni? Usidhani bima ya gari lako dogo itakufuata kwenye RV.
- Nikiliacha gari mji mwingine, ada yake ni ipi?
- Matenki yarudi matupu? Usafi ni juu ya nani?
- Nani anaruhusiwa kuendesha? Ambaye jina lake halimo kwenye mkataba asiguse usukani.

Hesabu mikanda ya usalama, usihesabu vitanda. Gari linaweza kutangazwa kuwa la kulala watu saba na lisiwe na mikanda saba yenye nafasi ya kufunga viti vya watoto. Gari likiwa mwendoni kila mtu akae na afunge mkanda. Hakuna kupika chai, hakuna kulala kitanda cha nyuma.

Petroli ndiyo itakayokushtua. RV ya aina ya C hupata maili 8 hadi 10 kwa galoni. Safari ya maili 2,000 kwa wastani wa maili 9 itakula galoni 222 hivi. Galoni ikiwa dola 3.50, hiyo ni karibu dola 780 za kwenda tu. Nenda maili 60 kwa saa badala ya 70 na utaona tofauti kwenye pampu.

Siku ya kulichukua gari, piga picha kila upande, hata paa. Kagua matairi: ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. 2322 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2022. Tairi la RV huzeeka kabla halijaisha nyuzi, kwa sababu gari hukaa sana limesimama juani. Likiwa limepita miaka sita au saba, omba gari jingine. Upepo upime asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa baridi.

Zijue kambi kabla ya kuzilipia

Kambi za binafsi ndizo zilizo karibu na barabara kuu. Mtandao unaofahamika zaidi ni KOA, wenye mabango ya njano. Ulianza mwaka 1962 mjini Billings, Montana, kando ya mto Yellowstone, pale Dave Drum alipoyaona magari ya familia yakipita kwenda kwenye Maonyesho ya Dunia ya Seattle, na wenye magari hawana pa kulala. Alitoza dola 1.75 kwa usiku, na kwa pesa hiyo mgeni alipata maji ya moto ya kuoga, choo na duka dogo. Leo KOA ina kambi kama 500 Marekani na Kanada, na bei yaweza kuwa dola 50, 80 au zaidi, lakini kinachouzwa ni kilekile, pamoja na mashine za kufulia na mtu ofisini wa kukuelekeza. Kambi hizi zinafaa usiku wa kupita njia, na usiku wa kufua nguo. Udhaifu wake ni viwanja vilivyobanana, na kelele. Nyingi ziko karibu na reli, na treni ya mizigo hupiga honi kila inapokaribia barabara, hata saa tisa usiku. Itazame kambi kwenye picha za setilaiti. Ukiona reli pembeni, umeonywa.

Kambi za hifadhi za majimbo ndizo zenye thamani kubwa kwa bei yake. Mara nyingi utalipa kati ya dola 20 na 45, kiwanja ni kikubwa, kuna miti, ziwa au mto, na watoto wana pa kukimbilia. Umeme mara nyingi upo. Bomba la maji taka mara nyingi halipo kiwanjani, ila kuna kituo cha kumwagia karibu na lango.

Kambi za Hifadhi za Taifa ziko pazuri kupita zote, na ndizo ngumu kupata. Nyingi zilijengwa zamani, magari yalipokuwa madogo, kwa hiyo hazina umeme na hazipokei RV ndefu. Nafasi nyingi huwekwa kwenye tovuti ya Recreation.gov, na kambi nyingi hufungua milango miezi sita kabla. Fungua akaunti mapema, na siku ya kufunguliwa uwe mbele ya skrini dakika ileile. Ukikosa, endelea kuchungulia: watu hughairi, hasa siku chache kabla.

Kambi za Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi, kinachosimamia mabwawa mengi ya nchi hiyo, hazitangazwi sana, lakini wazoefu huzipenda. Ziko kando ya maji, nyingi zina umeme, na bei ni ya chini. Hizi nazo ziko Recreation.gov.

Ardhi ya umma, hasa ile ya idara inayoitwa BLM katika majimbo ya magharibi na ile ya Misitu ya Taifa, mara nyingi huruhusu kulala bure kwa muda wa hadi siku 14. Hakuna maji, choo, umeme wala pipa la taka. Usiende huko wiki ya kwanza. Nenda ukishajua matenki yako yanadumu siku ngapi.

Maegesho ya maduka ni ya dharura tu. Baadhi ya maduka ya Walmart na migahawa ya Cracker Barrel huruhusu RV kulala usiku mmoja, mengine yamekatazwa na sheria za mji. Ingia ndani, muulize meneja. Ukiruhusiwa, egesha pembeni, usitoe viti wala jiko nje, nunua kitu, na uondoke asubuhi.

Unapopiga simu kuweka nafasi, taja urefu kamili wa gari lako, kisha uliza kama kuna kiwanja cha kupita moja kwa moja, unachoingilia huku na kutokea kule bila kurudi nyuma. Kwa siku za mwanzo, ongeza hata dola kumi ukipate. Neno "full hookup" kwenye tangazo lina maana ya umeme, maji na bomba la maji taka vyote kiwanjani. Huhitaji vyote kila usiku: kila usiku wa tatu unatosha.

Liko swali ambalo familia nyingi huulizana chini kwa chini: huko vijijini, sisi weusi tutapokelewaje? Swali lina historia. Kuanzia mwaka 1936 tarishi wa Harlem, Victor Hugo Green, alichapisha kitabu cha kuwaonyesha wasafiri weusi hoteli, migahawa na vituo vya petroli ambavyo havingewafukuza. Leo ubaguzi wa aina hiyo umepigwa marufuku kisheria. Ukiwa na wasiwasi, anza na kambi za serikali zenye askari wa hifadhi na mlezi wa kambi anayeishi hapohapo, soma maoni ya wageni waliotangulia, na upige simu mwenyewe usikie sauti ya anayepokea.

Mfano: I-90 kutoka Chicago hadi Seattle

Barabara kuu za taifa zenye namba shufwa huenda mashariki na magharibi, zenye namba witiri kaskazini na kusini. I-90 ndiyo ndefu kuliko zote, kama maili 3,000 kutoka Boston hadi Seattle. Kipande cha kutoka Chicago ni kama maili 2,000, na kinafaa safari ya kwanza ya siku kumi hadi kumi na nne. Angalia vituo vinavyojipanga vyenyewe ukifuata kanuni ya tatu tatu.

Usiku wa kwanza lala La Crosse, Wisconsin, maili 280 hivi kutoka Chicago. Kambi ya Goose Island, inayoendeshwa na kaunti, iko kwenye maji ya mto Mississippi. Wa pili, Sioux Falls, South Dakota. Nje kidogo ya mji, Brandon, kuna kambi ya jimbo ya Big Sioux yenye umeme. Wa tatu umefika Badlands, nchi ya vilima vya udongo vilivyochongwa na mvua na upepo. Kambi ya Cedar Pass ina viwanja vyenye umeme. Ile ya Sage Creek ni ya bure, lakini haina maji na haipokei RV inayozidi futi 18. Katikati ya South Dakota utakuwa umevuka kanda ya saa na kupata saa moja ya ziada.

Baki eneo hilo siku mbili au tatu, maana milima ya Black Hills iko mbele kidogo. Custer State Park ina nyati wanaotembea barabarani, lakini ni hifadhi ya jimbo, kwa hiyo kadi yako ya Hifadhi za Taifa haifanyi kazi pale. Usiipeleke RV kwenye Needles Highway: upana wa handaki lake moja ni kama futi 8 tu, na RV yako, ukiongeza vioo, ni zaidi ya hapo. Epuka nusu ya kwanza ya Agosti pia. Mkutano wa pikipiki wa Sturgis, unaofanyika tangu 1938, huleta mamia ya maelfu ya watu, na kambi za eneo zima hujaa kwa bei za juu.

Kutoka hapo lala Buffalo au Sheridan, Wyoming, kisha Billings. Ukitaka Yellowstone, endelea hadi Livingston na ushuke kusini kwa barabara ya 89 hadi Gardiner. Usivutwe na picha za Beartooth Highway. Inapanda hadi karibu futi 11,000 kwa kona kali, na si njia ya kujifunzia RV. Ndani ya Yellowstone kambi pekee yenye umeme, maji na maji taka kiwanjani ni Fishing Bridge, na kwa sababu ya dubu haipokei hema wala trela la turubai. Hujaa miezi mingi kabla. Ukikosa, lala Gardiner au West Yellowstone na uingie hifadhini alfajiri.

Baada ya hapo Missoula, kisha Coeur d'Alene au Spokane, kisha Seattle. Mpakani mwa Montana na Idaho, kwenye Lookout Pass, unapata saa nyingine. Msimu mzuri ni Juni, au Septemba baada ya Jumatatu ya kwanza, watoto wa wenyeji wakiwa wamerudi shuleni. Barabara nyingi za ndani ya Yellowstone hufungwa kwa magari kuanzia Novemba hadi Aprili.

Urefu, upepo na mteremko

Pima au uliza kimo cha gari lako, pamoja na kiyoyozi cha paani, ukiandike kwenye kipande cha karatasi na kukibandika mbele ya dereva. RV ya aina ya C huwa na futi 10 hadi 12. Mjini Durham, North Carolina, daraja la reli lenye nafasi ya futi 11 na inchi 8 liliyachuna mapaa ya malori na RV kwa miaka mingi hadi watu wakaliita kifungua kopo. Mwaka 2019 lilinyanyuliwa hadi futi 12 na inchi 4, na magari bado yamekuwa yakiligonga.

Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Ramani ya simu imetengenezwa kwa ajili ya gari dogo; haijui kimo chako wala uzito wako. Tumia programu ya RV au GPS ya malori unayoweza kuingizia vipimo. Kwenye barabara za bustani za New York zinazoitwa parkway, madaraja ni ya chini na RV nyingi hazitakiwi. Katika Hifadhi ya Glacier, gari linalozidi futi 21 haliruhusiwi kuvuka sehemu ya juu ya Going-to-the-Sun Road. Mahandaki ya bandari ya Baltimore hayapitishi RV yenye mitungi ya kawaida ya gesi. Mambo ya namna hii yatafute jioni, ukiwa umekaa, kabla ya kila siku ya safari.

Upepo wa pembeni kwenye nyanda za Wyoming na South Dakota husukuma RV kama tanga la jahazi. Ukiona malori yameanza kuegesha, nawe egesha. Kwenye mteremko mrefu, shuka na gia ndogo tangu juu, si katikati. Breki zikishika moto hazikusikii tena. Na kila unapolala, jua jina la kaunti uliyopo, kwa sababu matangazo ya kimbunga na mafuriko hutaja kaunti. Uliza ofisini: kikitokea kimbunga, tunakimbilia jengo gani? RV si mahali pa kujificha.

Umefika: fuata mpangilio huu

Kabla ya kuingiza gari, shuka. Zunguka kiwanja ukiangalia matawi juu, mawe chini, na kisanduku cha umeme kiko upande gani. Mtu mmoja asimame nyuma, dereva amwone kwenye kioo, asipomwona, asimame. Kubalianeni ishara za mikono kabla, maana ndoa nyingi hujaribiwa hapo.

Sawazisha gari kwa vibao vya plastiki chini ya matairi, kisha weka vizuizi vya magurudumu. Usawa si kwa ajili ya usingizi tu; friji nyingi za gesi hazipoi vizuri gari likiinama, na huweza kuharibika.

Umeme: zima swichi za kwenye kisanduku cha kambi kwanza, chomeka kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme, chomeka waya wako, ndipo uwashe. RV ndogo hutumia ampea 30, plagi ya pini tatu, sawa na wati 3,600. Kiyoyozi peke yake hunywa kama 1,500, kwa hiyo kiyoyozi, maikrowevu na birika la umeme kwa pamoja vitakata umeme. Ampea 50 zina pini nne na uwezo wa wati 12,000.

Maji: tumia mpira maalumu wa maji ya kunywa, mara nyingi mweupe au wa bluu, na uweke kifaa cha kupunguza presha kwenye bomba la kambi. Presha ya baadhi ya kambi hupasua mabomba ya ndani ya RV.

Gesi: jaribu king'ora cha gesi na cha hewa ya kaboni monoksidi kabla hujalala usiku wa kwanza. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata kama mvua inanyesha na kuku yuko nusu. Kabla ya kuingia kituo cha petroli, zima kila kinachowaka kwa gesi.

Maji taka

Hapa ndipo wengi huogopa, na hakuna cha kuogopa ukifuata mpangilio. RV ina matenki mawili ya uchafu: la choo, na la maji ya jikoni na bafuni. Mlango wa tenki la choo ubaki umefungwa siku zote, hata ukiwa umeunganishwa na bomba la kambi. Ukiuacha wazi, maji yatatangulia kutoka na kinyesi kitabaki kimegandamana ndani.

Subiri tenki lijae zaidi ya nusu. Vaa glavu. Unganisha mpira wa maji taka upande wa gari kwanza, kisha upande wa shimo, na uhakikishe umeshika. Fungua tenki la choo, liishe kabisa, lifunge. Ndipo ufungue la maji ya jikoni, ili maji ya sabuni yasuuze mpira. Mimina maji na dawa kwenye choo kwa ajili ya mzunguko unaofuata. Tumia karatasi za choo zinazoyeyuka haraka. Vitambaa vyenye maji maji vya watoto visitupwe humo kamwe. Kwa wanaotawadha, habari njema: maji mengi chooni ndiyo yanayoliweka tenki safi, ila litajaa mapema, kwa hiyo limwage mara nyingi zaidi. Mpira wa maji ya kunywa na ule wa maji taka isikae sanduku moja.

Usipokuwa na bomba kiwanjani, tafuta vituo vya kumwagia kwenye malango ya hifadhi, baadhi ya vituo vya malori kama Flying J, na baadhi ya maeneo ya mapumziko ya barabarani. Kumwaga chini ni kosa la jinai katika majimbo mengi, na ni aibu kila mahali.

Adabu na chakula

Kiwanja cha mwenzio ni ua wake. Usikatize katikati hata kama choo cha kambi kiko ng'ambo. Saa za ukimya kwa kawaida ni saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi au zaidi: muziki, jenereta na mazungumzo ya simu kwa sauti ya kusikika nyumbani kabisa, vyote vinyamaze.

Kuni nunua pale utakapozichoma. Mdudu anayeua miti ya Marekani inayoitwa ash aligunduliwa Michigan mwaka 2002, na husambazwa zaidi na kuni za wasafiri. Majimbo kadhaa hutoza faini.

Unga wa ugali, mchele, maharage na viungo beba kutoka mjini. Miji midogo ya Montana haina duka la Kiafrika, na nyama ya halali ni adimu. Igandishe kabla ya kuondoka. Sukumawiki utaipata dukani kwa jina la collard greens. Samaki na nyama kaangia nje, kwenye meza na jiko la kuchomea vilivyo kiwanjani. Penye dubu, ukimaliza, kila kitu chenye harufu kirudi ndani na madirisha yafungwe. Kaa yadi 100 mbali na dubu na mbwamwitu, yadi 25 mbali na nyati. Nyati anaonekana mpole, lakini hukimbia kuliko wewe.

Hati na viingilio

Mwenye Green Card aliyetimiza miaka 18 anatakiwa na sheria ya shirikisho kuwa nayo popote alipo. Mgeni abebe pasipoti. Kusini magharibi kuna vizuizi vya doria ya mpakani ndani kabisa ya nchi, hata kwenye barabara kuu.

Kadi ya mwaka ya Hifadhi za Taifa ni dola 80 kwa mkazi wa Marekani na, tangu Januari 2026, dola 250 kwa asiye mkazi. Asiye mkazi mwenye miaka 16 au zaidi asiye na kadi hulipa dola 100 za ziada kwenye hifadhi 11 zinazotembelewa sana, Yellowstone ikiwemo. Mkiwa na bibi au wajomba waliokuja kutembea, pigeni hesabu hiyo nyumbani, si langoni.

Anza na usiku mmoja

Usiku wako wa kwanza kwenye RV usiwe njiani. Weka kiwanja kwenye kambi ya jimbo iliyo dakika 40 kutoka nyumbani, ulale na familia nzima, upike, uoge, umwage matenki kesho yake. Utagundua blanketi hazitoshi, kitasa cha bafu hakifungi, na mtoto wa pili hawezi kulala kule juu. Vyote hivyo hurekebishwa kwa safari moja ya dukani. Kisha keti na karatasi, andika tarehe zote za safari upande wa kushoto, na mbele ya kila tarehe jina la kambi na namba ya uthibitisho. Mstari wowote ukiwa mtupu, upigie simu wiki hii. Karatasi ikijaa, fungua ramani.